UZI: Kumlipa karani wa forodha kwa idadi ya entri ni kununua makosa kwa jumla

#1 Dirisha la Kilindini
Salaam wadau. Naweka kauli, mnipinge.

Kuna mtindo kwenye ofisi za kuklia mizigo (kuitoa bandarini) hapa Mombasa wa kumwekea karani bonasi kwa kila entri, yaani tamko la mzigo, anayoisukuma kwenye mfumo wa forodha. Tuseme mshahara 45,000, juu yake shilingi 100 kwa entri. Entri 8 kwa siku, siku 22, ni 17,600. Mwezi wa kwanza kila mtu anacheka. Mwezi wa tatu maswali ya forodha yamezidi, kontena zimepitisha siku za bure bandarini, na mteja anauliza storeji, ile ada ya mzigo kukaa bandarini, ataibeba nani.

Mimi nasema hapo hakuna mvivu wala mwenye tamaa. Hesabu yenyewe ndiyo mbovu, kwa sababu kazi ya kichwa haihesabiki kama magunia. Chukua kontena moja la futi 40, ankara imeandikwa "vifaa vya sola" basi. Karani wa haraka ataibwaga yote kwenye namba moja ya HS, zile namba za kuainisha bidhaa kwa ushuru. Karani aliyetulia atafungua orodha ya vifungashio katoni kwa katoni: paneli zinaenda 8541, inverta 8504, betri za lithiamu 8507, nyaya 8544, na vyuma vya kushikilia paneli juu ya paa lazima kwanza ajue ni chuma au aluminiamu. Halafu atarudi kwenye ankara aangalie bei ni FOB (ya mzigo hadi kupakiwa melini) au CIF (pamoja na nauli na bima). Ikiwa ni FOB ataongeza nauli ya meli na bima, kwani ushuru wa mzigo wa baharini hupigwa kwenye CIF. Wa kwanza amemaliza kwa dakika 15. Wa pili, saa 2 na zaidi. Wote shilingi 100.

Sasa niambieni, huyo wa pili anaendelea kwa nguvu gani?

#2 Pangaboi
Anaendelea kwa nguvu ya kumuogopa Mungu. Uzi ufungwe.

#3 Bi Hesabu
Usifungwe, ndio kwanza waanza. Dirisha, kauli yako ni nusu. Kabla ya kuijadili bonasi, uliza mshahara wenyewe unaingia lini.

Mwanasaikolojia Frederick Herzberg alitoa matokeo yake 1959, baada ya kuwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa Pittsburgh, Marekani. Watu wa kalamu kama hawa wetu. Alichokiona ni kuwa yanayomkera mtu kazini na yanayomsukuma ni makundi mawili mbalimbali. Mshahara, masharti, kiti, usimamizi wa kusumbua: vikiharibika mtu anachukia, vikitengenea anaacha kuchukia tu. Kinachomsukuma ni kazi yenyewe, kufaulu, kutambuliwa, kupewa jukumu.

Mwenye nyumba wa mtaa wa Tudor ataka kodi yake tarehe 5. Mshahara ukiingia tarehe 9, siku nne hizo kichwa cha karani kiko kwa mwenye nyumba, hakiko kwenye namba za HS. Hapo weka bonasi unayotaka.

#4 Kijana wa Kodi
Namuunga Bi Hesabu mkono. Ile piramidi ya mahitaji ya binadamu ya Maslow ya 1943 inasema hivyo hivyo, ngazi ya chini kwanza. Na kuna jaribio la Deci ambapo watoto walilipwa kuchora, pesa zilipokatwa wakaacha kuchora. Pesa huua hamu.

(Kabla hamjauliza: kodi ya jina langu ni ile ya programu za kompyuta. Si ya nyumba, na si ile inayotozwa na KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya.)

#5 Pangaboi
Kodi tatu na zote zaumiza kichwa.

#6 Mwalimu wa Zamu
Kijana wa Kodi, umechanganya mawili, na piramidi umempa asiyeichora. Maslow aliandika juu ya ngazi za mahitaji 1943, lakini lile pembetatu lilichorwa na wengine baadaye. Yeye mwenyewe hakusema lazima ngazi moja ijae kabisa ndipo mtu apande ya pili.

Jaribio la Edward Deci, 1971, lilikuwa la wanafunzi wa chuo na mafumbo yaitwayo "Soma", vipande vya kuunganisha maumbo. Kundi moja likapewa dola moja kwa kila umbo walilolipata. Malipo yalipoondolewa, wakati wa mapumziko hawakuyagusa mafumbo kama walivyofanya mwanzo. Watoto wa kuchora ni wa Lepper na wenzake, 1973, na hawakupewa pesa: walipewa cheti chenye utepe. Walioahidiwa cheti kabla ndio waliopunguza kuchora. Waliopewa kwa ghafla, bila kuahidiwa, hawakupungua.

Hapo ndipo penye faida kwa Dirisha. Ahadi ya "fanya hiki upate hiki" ndiyo yenye madhara. Zawadi peke yake haina kosa.

#7 Nahodha Mkavu
Asanteni kwa elimu, sasa sikizeni upande wa mwenye ofisi. Pango, leseni ya wakala ya kila mwaka, dhamana ya forodha, intaneti, jenereta stima ikipotea: hakuna hata kimoja kinacholipwa kwa hamu.

Na huyo Deci hakupita bila kupingwa. 1994 watafiti Cameron na Pierce walikusanya majaribio mengi wakasema madhara ya malipo yametiwa chumvi. Deci na wenzake wakajibu 1999 kwa kukusanya majaribio 128, wakasema madhara yapo. Lakini someni vizuri: yapo kwenye kazi ambayo tayari ina ladha kwa mtu. Kazi isiyo na ladha, malipo hayaiharibu, maana hakuna cha kuharibika.

Sasa entri ya mteja mmoja, mchele uleule, 1006, muuzaji yuleyule, meli kila wiki mbili. Ladha iko wapi? Hiyo mlipe kwa idadi na asishtakiwe mtu.

#8 Dirisha la Kilindini
Nahodha umenibana, nakubali kidogo. Ila nani atasema hii ni ya kurudia na hii ni mpya? Ukimwachia karani, zote zitakuwa za kurudia. Ukimwachia meneja, atazifungua zote, na kazi umeifanya mara mbili.

#9 Kijana wa Kodi
Nimekubali kusahihishwa #6.

Nahodha, hata ya kurudia hugeuka siku muuzaji abadilishe kifungashio au orodha ya ushuru ya Afrika Mashariki ibadilike Julai. Aliyezoea kunakili entri ya mwezi uliopita hanusi. Kwenye programu ni vilevile. Ukiwapima waandishi kwa mistari ya kodi, unapata mistari mingi. Ukiwapima kwa hitilafu walizofunga, hitilafu moja inakatwa vipande vitatu ili ifungwe mara tatu. Charles Goodhart, mchumi wa Uingereza, aliligusa hili 1975 akizungumzia sera ya fedha: kipimo ukikifanya shabaha, kinaacha kupima.

Na karani atafanya hivyo hivyo. Shehena iliyofaa kuwa entri moja itakuwa mbili.

#10 Mwana wa Makupa
Nyote mwazunguka. Wala si bonasi, wala si Herzberg. Ni simu.

Keti karibu na meza ya karani saa nne asubuhi uhesabu. Mteja anataka kujua kontena liko wapi. Dereva yuko getini, karatasi ya kutolea mzigo haisomeki. Wakala wa meli anataka malipo ndipo atoe idhini. Kundi la WhatsApp la ofisi lina ujumbe 60, hamsini ni "sawa bosi". Huyu yuko katikati ya ukurasa wa tatu wa orodha ya vifungashio, anajibu, anarudi, hajui alikuwa katoni ya ngapi. Anaanza upya au anakisia. Wengi hukisia.

Dawa haina gharama:
Mtu mmoja awe na zamu ya simu, asubuhi mmoja, mchana mwingine. Huyo hapangiwi entri mpya. Saa mbili hadi saa nne asubuhi wengine wote simu zao zikae droo. Maswali ya "iko wapi" yajibiwe mara mbili kwa siku kwa orodha moja iliyotumwa kwa wateja wote, saa tano na saa tisa. Ya dharura, yaani geti au meli, yaende kwa mwenye zamu peke yake.

Linaloharibu mpango huu ni kuwa bosi ndiye wa kwanza kuuvunja. Anapiga yeye, saa tatu unusu, kuuliza "vipi, mko sawa?"

#11 Pangaboi
Na huyo mwenye zamu ndiye wa kutumwa mahamri na mbaazi. Akichelewa ndipo utakapoona hamu ya kazi inavyoshuka bila Herzberg.

#12 Bi Hesabu
Pangaboi wacha mchezo, ingawa hapo kwenye ratiba umegusa kitu bila kukusudia. Kikao cha ofisi kuwekwa Ijumaa saa sita unusu, hapa Mombasa, chamwambia mtu kuwa aliyepanga hamjui. Adhuhuri ya Ijumaa si siri. Kadhalika kumngoja mtu wa Likoni saa mbili kamili asubuhi ambayo feri moja imeharibika. Ruhusu kuingia kati ya saa moja unusu na saa tatu, mradi saa 8 za kazi zitimie, na hujatoa shilingi.

#13 Kanzu na Tai
Kwenye mambo ya sheria niongeze, maana naona watu watachukua ushauri wakaingie matatani.

Kwanza, bonasi ikishaandikwa kwenye mkataba, huiondoi kwa tangazo la ubaoni. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 10, yataka mabadiliko ya masharti yafanywe kwa kushauriana na mfanyakazi, na aarifiwe kwa maandishi.

Pili, ule mtindo wa kumkata karani storeji kwa sababu "entri ilikuwa yako". Kifungu cha 19 kinataja makato yanayoruhusiwa. Kwa hasara ya mali ya mwajiri kinazungumzia kosa la makusudi, na kiwango kiwe cha kiasi. Kukosea namba ya HS si makusudi.

Tatu, programu za kupiga picha za skrini ya mfanyakazi kila dakika kadhaa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yataka mtu ajulishwe kinachokusanywa na sababu yake. Kuiweka kimyakimya ni kujitafutia kesi.

Dirisha, na ile 17,600 yako usisahau PAYE, kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, mapato ya kutozwa yakishapita 32,333 kwa mwezi nyongeza ilikatwa asilimia 30. Kwa PAYE peke yake inabaki 12,320, kabla ya makato mengine. Inayofika mkononi ndiyo anayoihesabu karani, si ile ya barua.

#14 Mwalimu wa Zamu
Hilo la pili la Kanzu ndilo mzizi kwangu. Watu wanaficha.

Amy Edmondson, miaka ya 1990, alichunguza makosa ya dawa kwenye wodi za hospitali Marekani, akitarajia timu bora ziwe na makosa machache. Akakuta timu zenye uongozi mzuri ndizo zilizoandikisha makosa mengi. Si kwamba walikosea zaidi, walisema zaidi.

Pelekeni hilo kwenye forodha. Karani akigundua saa tisa kuwa entri ya asubuhi ina thamani ya FOB mahali pa CIF, ana njia mbili. Akisema kabla ushuru haujalipwa, ni marekebisho na maelezo mafupi. Akinyamaza, hesabu inaendelea kutembea. Nyaraka za forodha huhifadhiwa miaka 5, na ukaguzi waweza kuja baada ya mzigo kutoka zamani. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 humhesabu wakala anayemfanyia kazi mwenye mzigo kama mwenye mzigo. Kwa hivyo ofisi inabeba, bonasi ilishaliwa.

Daftari moja la makosa latosha. Safu nne: tarehe, kilichokosewa, kiligunduliwa wapi (mezani, kwenye mfumo, kwa mteja, kwa mkaguzi), na hatua iliyobadilishwa. Jina la mtu lisiwemo. Safu ya tatu ndiyo ya kutazamwa kila mwezi: makosa yanayoshikwa mezani yakiongezeka na ya kwa mkaguzi yakipungua, ofisi yapona, hata jumla ikipanda.

#15 Nahodha Mkavu
Mwalimu, jina lisiwemo kisha yuleyule anakosea mara sita, nimjue kwa ramli?

#16 Mwalimu wa Zamu
Mbona utamjua. Ofisi ya watu saba haina siri. Daftari si mahakama.

#17 Mtu wa Mfumo
Nimesoma yote. Mmesahau foleni.

Desturi ni kumchukua karani hodari kuliko wote na kumfanya msimamizi. Hapo ofisi imempoteza mwandishi bora, na imepata lango. Piga hesabu: makarani 6, kila mmoja entri 8, ni 48. Kila entri ipite kwa msimamizi, dakika 10 kila moja, ni dakika 480. Saa 8 nzima, bila maji, bila simu, bila sala. Entri ya saa nane mchana lazima ilale. Karani ameharakisha kwa sababu ya bonasi, kazi imekaa kwenye meza ya bosi. Anaona kuharaka kwake hakukuleta kitu. Wiki ya tatu anapunguza. Bosi anasema hawana motisha.

Na msiongeze karani wa saba mkidhani mtasaidia. Atazidisha foleni kwa dakika 80, na wiki za mwanzo kuna mtu anaacha kazi yake amfundishe. Fred Brooks aliwaonya watu wa programu hivyo 1975.

Peter Drucker, mwandishi wa mambo ya usimamizi aliyeanza kuwaita "wafanyakazi wa maarifa" huko 1959, alishikilia kuwa mtu wa aina hii hasimamiwi kwa kuchunguliwa begani. Mwenye kujua kazi ni yeye.

#18 Nahodha Mkavu
Hapo mtu wangu umesema. Basi igeni forodha wenyewe, hawafungui kila kontena. Mteja mpya, bidhaa mpya, mzigo wenye msamaha wa ushuru, au ankara ya neno moja kama ile ya sola: ikaguliwe yote, na karani mwenzake, si msimamizi. Ya kurudia: moja katika tano, ichaguliwe na kompyuta ili isijulikane ipi. Swali la Dirisha la #8 nalo limejibiwa, upya wa mteja na wa namba ya HS unaonekana kwenye rekodi, hauulizwi mtu.

#19 Kijana wa Kodi
Kwenye kodi ndivyo tufanyavyo, mwenzako asome kabla haijaingia. Ila tahadhari: mabadiliko yakiwa makubwa, msomaji anaandika "iko sawa" bila kusoma. Mistari mia tatu husomwa, elfu tatu huombewa dua. Mpeni anayekagua ukurasa mmoja wa maswali: namba ya HS imechaguliwa kwa nini, FOB au CIF, uzito wa hati ya shehena walingana na orodha ya vifungashio?

Halafu si mnakumbuka lile la kiwanda cha Hawthorne, kupunguza taa na kazi ikapanda? Labda hata ukaguzi wafanya kazi kwa sababu tu watu wanajua wanatazamwa.

#20 Mwalimu wa Zamu
Kijana, leo wewe na mimi. Majaribio ya Hawthorne, karibu na Chicago, yalianza 1924, na lile la taa ndilo la mwanzo. 2011 wachumi Levitt na List walizipitia upya takwimu zake za zamani wakakuta ile hadithi safi haimo. Usiitie mkobani.

#21 Kijana wa Kodi
Nimeitoa. Naomba mkoba wenyewe urudi na mimi.

#22 Dirisha la Kilindini
Asanteni. Basi nijaribu kuziunganisha, mniambie itavunjikia wapi: bonasi ya mtu mmoja iondoke, iwe mfuko wa timu kwa kila shehena iliyotoka bila storeji na bila kurudishwa na maswali. Nusu ilipwe mwisho wa mwezi, nusu ikae miezi 6 ingoje makosa yajitokeze. Zamu ya simu ya Makupa, ukaguzi wa mwenzako wa Nahodha, daftari la Mwalimu.

#23 Bi Hesabu
Itavunjikia kwenye miezi 6. Mtu akiacha kazi mwezi wa nne, nusu yake ni ya nani? Andika kabla.

#24 Kanzu na Tai
Na iandikwe kwa maneno ya kueleweka, "kwa hiari ya menejimenti" ndiyo huzaa ugomvi.

#25 Mwana wa Makupa
Itavunjikia kwenye storeji. Mzigo hukaa bandarini kwa sababu mteja hajatuma pesa ya ushuru, au wakala wa meli amekosea manifesti (orodha ya mizigo ya meli), na karani hana mkono. Ukimkata mfuko kwa hayo umerudi palepale. Gawa muda: siku nyaraka zilizokamilika zilipofika ofisini hadi entri kuingia, hiyo ni ya karani. Baada ya hapo hadi mzigo kutoka, ni ya wengine.

#26 Nahodha Mkavu
Na nani aandike kuwa nyaraka "zimekamilika"? Karani. Ataziita pungufu mpaka awe tayari.

#27 Mtu wa Mfumo
Mwenye zamu ya simu aandike. Yeye hana entri siku hiyo.

#28 Pangaboi
Mwenye zamu ya simu yuko foleni ya mahamri, nimeshasema.